Mupenzi akikusahau: hadithi za kupoteza kumbukumbu, na shida ya pekee ya wapenzi wa jinsia moja

Kati ya mambo yote ambayo waandishi wa vitabu vya mapenzi na watengenezaji wa novela wanatumia kwa kutenganisha watu wawili wanaopendana, kuna moja ambayo haichoke: mutu anapata ajali, anaamka kwenye kitanda cha hospitali, anaangalia mwenzake usoni na kumuuliza, "Wewe ni nani?" Waganga wanaita hali hiyo amnezia. Kwa maneno ya kila siku ni kupoteza kumbukumbu.

Hadithi za namna hiyo hazisemi tena juu ya bwana na bibi peke yao. Kuna vitabu na filme zinazoelezea wanaume wawili, ao wanawake wawili, ambao mmoja wao anaanza kusahau. Mutu akisoma haraka haraka anaweza kufikiri ni hadithi ile ile, wamebadilisha majina tu. Haiko vile. Swali la kwanza ni moja kwa wote: atanipenda tena? Lakini kwa wapenzi wa jinsia moja kuna swali la pili, na mara nyingi bwana na bibi hawaliulizwe: kama yule aliyesahau hawezi tena kusema "huyu ni mwenzangu", ni nani atasema kwa nafasi yake?

Hadithi ya zamani

Mwaka 1941 mwandishi Mwingereza James Hilton alitoa kitabu kinachoitwa Random Harvest. Mwaka uliofuata kikafanywa filme huko Hollywood, na Ronald Colman pamoja na Greer Garson wakacheza. Ni juu ya askari wa vita ya kwanza ya dunia ambaye alitoka vitani bila kujua hata jina lake. Anakutana na mwanamuke anayeitwa Paula, wanaoana, wanapata makao yao. Siku moja anasafiri mpaka muji wa Liverpool, motokari inamugonga, na pale pale kumbukumbu ya zamani inarudi: kumbe yeye ni mutoto wa familia ya watajiri. Lakini miaka aliyoishi na Paula inafutika yote. Paula anamutafuta, anamupata, na badala ya kumupigia kelele anaingia kazi kwake kama sekretere. Anaketi pembeni ya bwana yake mwenyewe, naye bwana hamutambui.

Tangu hapo njia hiyo imepitiwa na wengi. Novela ya Korea ya Kusini Winter Sonata, ya mwaka 2002, inaelezea kijana aliyepata ajali na kusahau musichana aliyemupenda wakati wa shule. Anarudi miaka kisha na jina ingine. Ilipendwa sana, paka Japani. Mwaka 2012 ikatoka filme ya Marekani The Vow, ambayo ilitokana na habari ya kweli. Bwana mmoja anaitwa Kim Carpenter na bibi yake Krickitt walipata ajali ya motokari mwaka 1993, wiki 10 tu kisha ndoa yao. Bibi alipopata fahamu, hakukumbuka kama ameolewa. Bwana alikuwa kwake mugeni. Alianza kumutongoza upya, na mwaka 1996 wakafunga ndoa mara ya pili.

Hebu tuangalie vizuri hiyo habari ya Carpenter. Bibi amesahau, lakini muchungaji hakusahau. Wazazi hawakusahau. Kuna karatasi ya ndoa, kuna picha, kuna pete. Huku Kivu mutu angesema ng'ombe za mahari zinakumbuka, hata kama mwenye kuzitoa amesahau. Bwana analia kwa sababu bibi hamupendi tena, na hilo ni jambo kubwa, lakini hakuna mulinzi wa hospitali atakayemuzuiza mulangoni. Hata Paula wa Hilton alikuwa na haki yake. Kama alinyamaza, ni kwa kupenda kwake mwenyewe.

Jodi na Rupert

Kitabu kimoja kinachoonyesha tofauti hiyo ni What Remains cha mwandishi Garrett Leigh, yaani kama vile kusema "Kile kinachobakia". Mambo yanafanyika Tottenham, kartiye ya London. Jodi ni kijana anayetengeneza kurasa za intaneti. Anaishi peke yake, na mutu wake wa karibu ni musichana aliyekuwa mupenzi wake zamani, sasa ni rafiki tu. Usiku mmoja anakutana na Rupert, mufanyakazi wa kuzima moto ambaye ametoka tu kuachana na bibi yake. Wanapendana. Jodi anamukaribisha Rupert kuishi ndani ya nyumba yake, na wanakaa vizuri kwa muda wa miaka minne. Kisha, kutoangalia kwa kitambo kidogo tu, inakuwa ajali. Jodi anapona, lakini hamujui tena Rupert. Na kibaya zaidi: hataki kumujua.

Angalia nyumba ni ya nani. Kwa novela nyingi, mwenye kusahau anarudishwa "kwetu", nyumba ambayo familia mbili zinaijua, na jirani wanasalimia bibi kwa jina la bwana. Hapa yule mwenye kukumbuka njo alikaribishwa. Amekuwa kama mugeni ndani ya nyumba ambayo alikuwa anaita yake. Uhusiano wote ulisimama juu ya neno la mutu mmoja, na huyo mutu neno lake limepotea.

Kuna kitu kingine ambacho hadithi za bwana na bibi haziwezi kuwa nacho. Mwanaume anayependa wanaume, mara nyingi hakuamka siku moja na kujikubali. Ilimuchukua miaka: kujificha, kujaribu kuwa sawa na wengine, kuogopa wazazi, mwishowe kumuambia mutu mmoja, kisha wa pili. Sasa fikiri mutu aliyejikubali akiwa na miaka 25, ajali ikamurudisha kwa miaka 20. Hapo hakusahau tu mupenzi. Amerudi kwenye ule wakati alikuwa anajificha. Mwenzake anapomuambia "tunapendana", anaisikia kama matusi, ao kama siri yake imetoka inje. Hadithi ya namna hii ikiandikwa vizuri, maumivu yake makubwa njo haya. Kumbusu mutu wakati wa mvua na kungoja kumbukumbu irudi, hiyo ni ya novela.

Halafu kuna jambo la kutumia nguvu ya maneno. Yule mwenye akili timamu anajua kila kitu: chakula gani mwenzake anapenda, anaogopa nini, analala upande gani wa kitanda. Anaweza kumufundisha upya mapenzi sawa vile mutu anafundisha mutoto. Je, huko ni kumukumbusha ao ni kumushawishi? Bibi wa filme ya The Vow alikuwa na wazazi na marafiki wa kuuliza kama anayoambiwa ni kweli. Kama watu wawili waliishi kwa siri, hakuna wa kuuliza. Mwandishi muzuri anaacha mwenye kukumbuka arudi nyuma hatua moja, angoje. Mwandishi muvivu anamuacha asukume, kisha anaita hiyo mapenzi.

Kanuni ya vitabu vya mapenzi inajulikana: mwisho lazima uwe wa furaha, kama sivyo musomaji anaona amekulwa feza zake. Kwa hiyo mwandishi ana njia mbili. Ama kumbukumbu inarudi, ama hairudi na mutu anapenda upya bila hiyo. Njia ya kwanza ni rahisi na mara nyingi ni ya uongo kidogo, sababu inaonekana kama mapenzi ni kitu kilichokuwa kimefungiwa ndani ya sanduku na ufunguo ulipotea tu. Njia ya pili ina uzito.

Ubongo unafanya namna gani

Mambo mengi ya novela waganga hawayakubali. Kugongwa mara ya pili kichwani hakurudishe kumbukumbu, kunaongeza kidonda. Mutu kusahau jina lake na maisha yake yote, huku anasema vizuri na kutembea vizuri, hiyo inaonekana mara chache sana. Lakini kuna jambo moja waandishi hawakosee. Mwaka 1881 Mufaransa Théodule Ribot alitoa kitabu juu ya magonjwa ya kumbukumbu, na ndani yake alieleza kwamba yale ya karibuni yanapotea mbele, yale ya zamani yanabakia. Mutu aliyeumia kichwa anaweza kukumbuka vizuri shule ya musingi na kusahau mwaka uliopita. Njo maana mupenzi wa miaka minne anafutika, na yule wa zamani anabakia.

Tena kumbukumbu haiko kitu kimoja. Mumarekani Henry Molaison, ambaye walimupasua ubongo mwaka 1953 juu ya ugonjwa wa kifafa, hakuweza tena kushika jambo jipya paka kufa kwake mwaka 2008. Lakini mikono yake ilijifunza: walimuzoeza kuchora kwa kuangalia ndani ya kioo, na kila siku alifanya vizuri zaidi bila kukumbuka kama amekwisha kufanya hiyo kazi. Huko Uingereza, mwanamuziki Clive Wearing aliuguliwa na ubongo mwaka 1985 na tangu hapo kumbukumbu yake ilikuwa ya sekunde chache tu. Hata hivyo aliendelea kupiga piano. Na kila bibi yake Deborah alipoingia, hata kama alitoka tu kwa dakika chache, alimupokea kwa furaha kubwa kama vile amemukosa miaka mingi.

Safari ya Sam na Tusker

Kusahau kwingine hakuji kwa ajali. Kunakuja pole pole, na mwenyewe anakuona kunakuja. Filme ya Uingereza Supernova, ya mwaka 2020, iliyofanywa na Harry Macqueen, inaelezea wanaume wawili watu wazima ambao wameishi pamoja miaka mingi. Sam anapiga piano, Tusker ni mwandishi wa vitabu. Tusker ana ugonjwa wa kusahau ambao umemukamata kabla ya uzee. Wanapanda gari lao la zamani lenye vitanda ndani na kuzunguka Uingereza, wakienda kutembelea ndugu wa Sam na marafiki.

Colin Firth anacheza Sam, Stanley Tucci anacheza Tusker. Mwanzo ilikuwa kinyume. Wawili hao, ambao ni marafiki tangu zamani, walijaribu kubadilishana na wakaona ni vizuri zaidi.

Katika filme hii hakuna mutu anayekataa mapenzi yao. Dada ya Sam anawapokea, marafiki wanakula pamoja nao, kuna karamu. Swali la nani atashuhudia limekwisha kujibiwa, kwa hiyo filme inaweza kuingia ndani ya swali ingine: Tusker hataki kufika siku ambayo atamuangalia Sam bila kumujua, na anamuficha Sam jambo alilokusudia kufanya mbele ya siku hiyo. Sam anapolivumbua wanagombana, na ile ugomvi njo roho ya filme. Mmoja anasema mwili na maisha ni yake. Mwingine anasema niache nikutunze. Mutu yeyote aliyetunza muzazi muzee aliyeanza kusahau atatambua maneno hayo, awe anapenda nani.

Sharon na Karen: mambo yaliyotokea kweli

Yale ambayo vitabu vinawaza, wanawake wawili wa jimbo la Minnesota, Marekani, waliyapitia kweli, na habari yao iko ndani ya karatasi za tribinali. Sharon Kowalski alikuwa mwalimu wa michezo. Karen Thompson alifundisha kwenye chuo kikuu cha St. Cloud. Waliishi nyumba moja miaka minne. Walivishana pete, na kila mmoja aliandikisha mwenzake kama mwenye kupokea feza za bima yake. Lakini Sharon hakuwa amewaambia wazazi wake kitu. Kwao, Karen alikuwa rafiki mwenye nyumba.

Mwezi wa Novemba 1983, mulevi aligonga motokari ya Sharon. Ubongo wake uliumia vibaya: akawa mutu wa kiti cha magurudumu, kusema kukawa taabu, na kumbukumbu ya mambo ya karibuni ikaharibika. Karen alianza kushinda hospitalini. Wazazi wakashangaa: huyu rafiki anatafuta nini kila siku? Alipowaeleza ukweli, hawakuuamini. Baba alisema mutoto wake haiko vile.

Mwaka 1984 wote wawili, baba na Karen, waliomba tribinali wapewe usimamizi wa kisheria wa Sharon. Karen alikubali baba aupate, akitumaini kwamba yeye mwenyewe ataendelea kumuona mugonjwa na kusikilizwa juu ya matunzo yake. Haikuwa vile. Mwezi wa Julai 1985 baba alipata ruhusa ya tribinali ya kumukataza Karen kabisa, na mara moja akamuhamisha Sharon mpaka Hibbing, karibu na kwao. Miaka mitatu na nusu Karen hakumuona tena.

Hapa njo mahali hadithi ya kweli inapita novela zote. Sharon hakuwa amemusahau Karen. Alisahau mambo ya asubuhi, lakini Karen alikuwa kwenye kumbukumbu ya zamani, ile ambayo Ribot alisema inabakia. Shida ni kwamba hakuna aliyemuuliza. Kwa sababu ubongo umeumia, watu walikata shauri kwamba neno lake si neno. Ni mwaka 1988 tu ndipo hakimu aliagiza wafundi wa waganga wamupime Sharon na waone kama anaweza kusema mapenzi yake. Waganga walirudi na jibu: anaweza, na anataka kumuona Karen. Mwanzoni mwa mwaka 1989 wakaonana.

Hata hapo kesi haikuisha. Baba alipoacha usimamizi kwa sababu ya ugonjwa wake mwenyewe, Karen aliuomba, na mwaka 1991 hakimu akaupa mutu mwingine, rafiki wa familia. Karen alikata rufaa. Mwezi wa Desemba 1991 tribinali ya rufaa ya Minnesota ikamupa Karen usimamizi. Waamuzi walikumbusha kwamba waganga waliomutunza Sharon walimuunga Karen mukono, na kwamba Sharon mwenyewe, kila alipoulizwa, alijibu vile vile: anataka kuishi na Karen. Waliandika kwamba hao wawili ni familia ya kuchaguana, na inastahili heshima.

Mwisho wake haufanane na wa vitabu. Katika ile miaka ya kungoja Karen alikuwa amepata mwenzi mwingine wa kike. Hakumuacha Sharon. Wote watatu waliishi nyumba moja, wakimutunza Sharon. Kuna watakaosema haya si mapenzi. Mutu angeuliza: yale mengine, ya kuacha mugonjwa na kuanza upya, yaitwe namna gani?

Karatasi

Kesi hiyo ilitisha wapenzi wengi wa jinsia moja huko Marekani, wakaanza kuandika mapema karatasi za sheria zinazosema ni nani atawasimamia wakipoteza fahamu. Mwaka 2010 Rais Barack Obama aliagiza kwamba hospitali zinazopokea feza za bima za serikali zimuachie mugonjwa achague mwenyewe nani amutembelee. Mwaka 2015 Tribinali Kuu ikafungua ndoa ya jinsia moja kwa majimbo yote. Uholanzi ilikuwa imeifungua tangu 2001, na Uingereza, kwao Jodi na Rupert, ndoa hizo zilianza mwaka 2014. Lakini ruhusa ya kufunga ndoa haimusaidie mutu ambaye hakuifunga.

Katika Congo, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 40, inasema kila mutu ana haki ya kuoa ao kuolewa na mutu anayemuchagua, wa jinsia ingine. Kwa hiyo wanaume wawili ao wanawake wawili hawawezi kuandikwa kwenye komini kama watu wa ndoa, na mugonjwa akiwa hawezi kusema, familia yake ya damu njo inasimama mbele ya muganga.

Wanaoweza kuelewa hiyo haraka zaidi ni wale wa yaka tofanda: mwanaume na mwanamuke wanaoishi miaka 10, wana watoto, lakini mahari haijatolewa na komini hawajafika. Siku bwana anaanguka na hasemi tena, wajomba wanafika kutoka kijiji, na mwanamuke anaulizwa mbele ya mulango wa chumba: "Wewe ni nani kwake?"